Jinsi ya kulifuata jina la Kihindi la Moshi na Arusha mpaka Gujarat na mpaka Leicester

Wakuu, hii nimeiandika kwa ajili ya watu wa aina mbili. Kuna wenzetu ambao mama ni Mchaga au Mpare au Mmeru, baba au babu ni Mhindi, upande wa baba ukahamia Uingereza miaka ya sitini au sabini, na kilichobaki huku ni jina kwenye cheti cha ubatizo na pengine picha moja imekunjwa kona. Halafu kuna vijana wetu wa mjini, madereva wa utalii, wenye maduka, wanaofuatwa na wageni wa Kihindi kutoka Uingereza wameshika picha ya duka la babu yao, wanauliza hapa ni mtaa gani. Maswali ya hawa watu wote ni yale yale: hili jina limetoka wapi, na wenyewe wako wapi leo. Yanajibika, na sehemu kubwa ni bure kabisa, shida ni kwamba wengi wanaanzia pasipofaa. Mtu anaandika "Patel Uingereza" kwenye simu anapata Patel mpaka kesho, anakata tamaa siku hiyo hiyo.

Ushauri wangu mkubwa ni huu, usitafute jina, tafuta jumuiya na kijiji. Jina la Kihindi peke yake ni nusu ya habari, na ile nusu nyingine mara nyingi iko huku kwetu, siyo London.

Anzia juu ya duka

Ukitembea mitaa ya kati ya Moshi, au Arusha kule kuanzia Soko Kuu mpaka India Street, acha kuangalia milango, inua kichwa uangalie juu ya paa la mbele. Majengo ya zamani ya Wahindi mengi yana jina na mwaka vimechongwa kwenye plasta, na baadhi yamepakwa rangi mara nyingi mpaka herufi zimeanza kufunikwa, kwa hiyo nenda asubuhi au jioni jua likiwa linapiga kwa ubavu, kivuli ndicho kinachozitoa herufi zionekane. Piga picha ukiwa umesimama upande wa pili wa barabara, siyo chini yake. Na fanyeni haraka jamani, hayo majengo yanavunjwa kila mwaka yanapandishwa maghorofa, likishavunjwa hakuna aliyeandika popote lilikuwa limeandikwa nini.

Kama kuna maandishi ya Kihindi angalia kitu kimoja tu. Herufi zikiwa zinaning'inia kwenye mstari mrefu juu yake, hicho ni Kihindi chenyewe au Kisanskriti, au Kipunjabi maana nacho kina mstari. Zikiwa zinafanana na hizo lakini hazina mstari juu, hicho ni Kigujarati, na hapo tayari umeshajua unashughulika na watu wa jimbo la Gujarat, magharibi ya India. Wahindi wengi waliofungua maduka huku kwetu ni wa huko.

Sasa mwaka. Hapa wengi wanapotea. Unaweza ukakuta jiwe limeandikwa 1992 kwa tarakimu za Kigujarati halafu jengo lenyewe ni la enzi za Mwingereza kabisa, unabaki unashangaa. Hiyo ni kalenda ya Samvat, iko mbele ya hii yetu kwa miaka 56 au 57. Kwa watu wa Gujarat mwaka mpya unaanza siku baada ya Diwali, yaani Oktoba au Novemba, kwa hiyo tukio lililotokea kati ya Diwali na mwisho wa Desemba unatoa 57, miezi iliyobaki unatoa 56. Hilo jiwe la 1992 basi ni 1935 au 1936. Kwenye makaburi ya Waislamu utakutana na mwaka wa Hijria, huo una hesabu yake, tumia programu yoyote ya kubadilisha tarehe kwenye simu.

Halafu uliza familia ilikuwa inasali wapi. Hili swali linaokoa muda kuliko lolote. Hekalu la Kihindu, jamatkhana ya Waismailia, msikiti wa Khoja Ithnaasheri, msikiti wa Mabohora, hekalu la Kalasinga, kanisani kwa Magoa. Kila mmoja ana njia yake aliyokuja nayo na ana mji wake alioenda kuangukia Uingereza, ukishajua alisali wapi nusu ya ramani umeshaichora.

Jina lenyewe likoje

Kwa Wagujarati mtu anakuwa na jina lake, la baba yake, halafu la ukoo, na mwanamke akiolewa jina la baba linatoka linaingia la mume. Zile "bhai" na "ben" na "lal" mwishoni mwa jina ni za heshima au mazoea tu, kwa hiyo Kanti, Kantibhai na Kantilal anaweza akawa mtu mmoja kwenye karatasi tatu. Na makarani wa zamani waliandika walivyosikia. Chauhan na Chohan, Thakkar na Thakrar, Mistry na Mistri, andika zote pembeni kabla hujaanza kutafuta.

Tuchukue Patel, maana ndilo kila mtu analijua. Lilikuwa cheo, mkuu wa kijiji anayesimamia kodi ya ardhi, na wakulima wa Gujarat wanaoitwa Wapatidar wakalichukua kuwa jina la ukoo. Kitovu chao maarufu ni eneo la Charotar, wilaya ya zamani ya Kheda, miji kama Nadiad, Anand, Karamsad, Dharmaj. Wale wa Charotar walikuwa na taratibu kali za kijiji kipi kinaoa kijiji kipi, ndiyo maana nasema kijiji ni muhimu kuliko jina, mzee wa Kipatel ukimwambia Patel hajashtuka, ukimwambia Patel wa Dharmaj anakaa vizuri kwenye kiti anaanza kukuuliza yeye. Watu hao hao wengine wanaitwa Amin, wengine Desai, vilikuwa vyeo pia, kwa hiyo usishangae kuona Patel na Desai ni ndugu wa damu.

Lakini siyo kila Patel ni Mhindu. Kuna Wapatel Waislamu wa upande wa Bharuch na Surat, kusini mwa Gujarat, na hao wana historia nyingine kabisa na miji mingine kabisa Uingereza. Angalia jina la kwanza. Patel anayeitwa Yusuf na Patel anayeitwa Kantilal usiwaweke kwenye faili moja.

Halafu kuna Wapatel wa Kutch, kaskazini magharibi mwa Gujarat, vijiji vinavyozunguka mji wa Bhuj kama Madhapar, Baladia, Sukhpar, Kera. Hao ni mafundi ujenzi na makontrakta, na majina yao ya ndani ni Hirani, Halai, Vekaria, Varsani, Bhudia, Pindoria. Kwenye jiwe la jengo ukikuta fundi au mkandarasi ana jina la namna hiyo umepata bahati, maana vijiji vyenyewe siyo vingi na wanajuana sana.

Majina ya kazi ni rahisi. Soni ni sonara, Mistry fundi seremala au mwashi, Darji fundi cherehani, Kapadia muuza vitambaa, na yale yanayoishia na "wala" mengi yanataja bidhaa au mahali. Ila jina la kazi halikupeleki kijiji chochote, mafundi cherehani wapo Gujarat nzima. Majina ya mahali ndiyo matamu. Mfano mzuri uko kwetu kabisa, Freddie Mercury yule mwimbaji alizaliwa Zanzibar 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, familia ya Kiparsi, yaani Wahindi wa dini ya Zoroasta, na Bulsar ni mji uliopo kusini mwa Gujarat ambao siku hizi unaitwa Valsad. Jina limebeba anwani. Familia ikakimbia mapinduzi ya 1964 wakafikia Feltham, magharibi ya London. Bharucha ni hivyo hivyo, mtu wa Bharuch.

Wahindu Walohana, wafanyabiashara wakubwa wa Afrika Mashariki, utawajua kwa Kotecha, Thakrar, Popat, Madhvani, Ruparelia, Chandarana. Shah kwa Gujarat mara nyingi ni Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, na wengi wa Afrika Mashariki ni jumuiya ya Oshwal kutoka vijiji vya karibu na Jamnagar, lakini Shah wa Pakistan ni Mwislamu na wala hawana undugu wowote, jina limefanana tu.

Wale wa Khoja, Waislamu wa Kishia, Ismailia na Ithnaasheri, ndio wanaosumbua zaidi. Mara nyingi jina la ukoo ni jina la babu tu, Virji, Jiwa, Nanji, Ladha, na linaweza kubadilika kila kizazi. Baba anajulikana kwa jina moja, mtoto akaandikishwa shuleni jina la babu likawa la ukoo, mdogo wake akachukua la baba, sasa ndugu wawili wa tumbo moja wana majina mawili tofauti na wajukuu zao Uingereza na Canada hawajui kwamba ni ndugu. Kwa hawa lazima upate majina ya vizazi vitatu kabla hujagusa mtandao. Na kuna majina ambayo hayakuambii lolote kabisa. Sophia Mustafa, yule mama aliyechaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria 1958 kwa upande wetu wa Arusha na Kaskazini, kwao ni asili ya Kashmir, wewe kwenye hilo jina "Mustafa" ungeiona wapi Kashmir.

Makalasinga nao, Singh siyo ukoo. Ni jina ambalo wanaume wa Kisikh wanabeba tangu 1699 enzi za Guru Gobind Singh, na wanawake Kaur. Ukoo wao uko nyuma yake, au wameuacha makusudi. Uliza kazi. Wengi waliokuja huku ni Waramgarhia, seremala na wahunzi na mafundi wa reli. Magoa wenyewe wana Fernandes na D'Souza na Pereira kwa sababu ya Mreno aliyeishika Goa kuanzia 1510 mpaka 1961, hayo majina Uingereza yamejaa Wareno na Wabrazili wasiohusika, kwa Mgoa nenda kwa parokia ya kijiji chake.

Wazee kwanza, makaratasi baadaye

Kabla ya kuingia ofisi yoyote kaa na wazee. Na siyo wazee wa Kihindi peke yao. Mzee wa Kichaga aliyekuwa karani au fundi au dobi kwenye hilo duka anajua vitu ambavyo mjukuu aliyeko Harrow, London, hajawahi kusikia, anajua mama mwenye duka alikuwa akiitwaje ndani, anajua kaka mkubwa alitangulia lini, anajua ndege walipandia Nairobi au wapi. Nenda na shikamoo yako, usiende na karatasi ya maswali. Wabibi wa Kihindi waliobaki Moshi na Arusha wanaitikia marahaba vizuri tu na Kiswahili chao ni cha hapa hapa, wape muda, wape picha waishike. Swali la kuuliza ni "kwenu India kijiji gani", siyo "kwenu India wapi", maana la pili utajibiwa Gujarat tu na mazungumzo yanaishia hapo. Rekodi kwa simu ukiomba ruhusa, halafu sikiliza tena usiku, jina la kijiji mara ya kwanza huwa linapita sikioni.

Makaratasi ya huku siyo mabaya. Wahindi walikuwa wanasajiliwa kuzaliwa na kufa tangu enzi za mkoloni, tofauti na babu zetu wengi, kwa hiyo RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, inafaa kujaribiwa ukiwa na jina kamili na mwaka wa kukadiria. Jengo kama unajua kiwanja chake unaweza kuomba upekuzi kwa Msajili wa Hati, unalipia, unapata historia ya mmiliki. Magazeti ya serikali ya Tanganyika nayo ni hazina, yana matangazo ya mirathi na mambo ya biashara, yapo Nyaraka za Taifa Dar. Kwa waliopitia Kenya ni rahisi zaidi, gazeti la serikali la Kenya limeskaniwa kuanzia 1899 liko bure Google Books, unatafuta kwa jina.

Lazima ujue walikuja na kuondoka vipi

Hii siyo historia ya kupamba, ndiyo itakayokuambia utafute mwaka gani. Watu wanapenda kusema Wahindi wote walikuja kujenga reli. Siyo kweli. Reli ya Mombasa mpaka Kisumu, 1896 mpaka 1901, ilileta vibarua kama 32,000, wengi Wapunjabi, na wengi wao walirudi kwao. Wenye maduka wa Gujarat walikuja kwa nauli zao, kijana anaitwa na mjomba, anafanya kazi duka la mjomba, anafungua lake. Njaa kubwa ya Gujarat ya 1899 na 1900, ambayo wenyewe wanaiita Chhappaniyo kwa sababu ilikuwa mwaka wa 56 wa Samvat 1956, ilisukuma wengi. Kwetu reli ya Mjerumani kutoka Tanga ilifika Moshi 1911, na Arusha ikafika 1929 wakati wa Mwingereza, na maduka yanafuata reli, kwa hiyo familia nyingi za Arusha mjini utakuta kabla ya hapo zilikuwa Moshi au Tanga au Mombasa. Ukikwama Arusha shuka na reli.

Kuondoka kuna mawimbi. Baada ya uhuru wa 1961 mtu ilibidi achague uraia, wengine wakabaki na pasi za Kiingereza. Mwaka 1967 Azimio la Arusha, benki na makampuni makubwa yakataifishwa. 1971 ikaja sheria ya kutwaa majumba, nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikaenda kwa Msajili wa Majumba na baadaye NHC (Shirika la Nyumba la Taifa), ndiyo maana yale maduka yenye majina ya Kihindi juu leo kodi yake inalipwa NHC. Kwa hiyo kama familia yako imeondoka Moshi, miaka ya kuanza nayo ni 1967 mpaka 1973. Na Uganda Agosti 1972 Idi Amin akawapa Wahindi siku 90 waondoke, kama watu 28,000 wakaingia Uingereza ndani ya miezi michache. Tukichanganya miaka ya ndugu wa Kampala na ya wa Moshi hapa tunapotea, maana mara nyingi ni familia moja iliyogawana miji.

Kitu ambacho wengi hawajui, Uingereza yenyewe ilifunga mlango. Machi 1968 wakapitisha sheria haraka haraka kuwazuia Wahindi wa Afrika Mashariki wenye pasi za Uingereza, kama huna mzazi au babu aliyezaliwa au kusajiliwa kule unahitaji kibali, na vibali mwanzoni vilikuwa 1,500 tu kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Matokeo yake baba katangulia, mama na watoto wakapelekwa India kusubiri, kaka mkubwa akabaki Moshi na duka. Ndiyo maana unakuta familia moja imefika kwa miaka tofauti, na ndiyo maana wenzetu wa huku wengine walibaki bila baba bila kuelezwa chochote. Wengine hawakuenda kabisa Uingereza, Waismailia wengi walienda Canada, kwa hiyo jina la Kiismailia likiwa jembamba Uingereza geukia Toronto na Vancouver.

Walikoangukia

Leicester ndiyo kubwa. Ulikuwa mji wa viwanda vya soksi, nguo za kufuma na viatu, nyumba za bei nafuu, na ulikuwa na Wahindi tayari. Mwaka 1972 halmashauri ya mji ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia Wahindi wasije, na wakaja. Kwenye sensa ya 2021 asilimia 34.3 ya watu wa Leicester walijiandika kuwa Wahindi. Barabara ya Belgrave na Melton ndiko Walohana na Wapatel na Mabaniani wetu wengine walipofungua upya maduka. London ya kaskazini magharibi, yaani Wembley, Kenton, Harrow, Kingsbury, ni ya Wapatel wa Charotar, Oshwal, na wale wa Kutch wenye mahekalu makubwa ya Swaminarayan, dhehebu la Kihindu. Wapatel Waislamu wa Bharuch na Surat tafuta Lancashire, miji ya Bolton, Blackburn na Preston, waliingia viwanda vya pamba, wengi moja kwa moja kutoka India bila kupitia Afrika. Ithnaasheri wako Stanmore na Peterborough na Leicester, Makalasinga Southall na Birmingham na Wolverhampton, Magoa siku hizi Swindon.

Mfano ninaoupenda ni wa Jayaben Desai. Alizaliwa Dharmaj 1933, Dharmaj ile ile niliyoitaja juu, akaishi Tanzania na mume wake, wakahamia Uingereza mwishoni mwa miaka ya sitini, na Agosti 1976 akaongoza mgomo kwenye kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick kule Willesden, London, uliodumu mpaka 1978. Charotar, Tanzania, Willesden, njia yote imenyooka ndani ya maisha ya mama mmoja. Njia ya familia yako inawezekana sana ikafanana na hiyo.

Vifaa vya upande wa Uingereza

Usihangaike na sensa. Majina ya sensa kule yanafungwa miaka 100, ya 1921 imefunguliwa 2022, ya 1931 ya England na Wales iliungua, ya 1941 haikufanyika, kwa hiyo kwa watu wetu haina kitu.

Anza na ramani za majina za chuo cha UCL London, unaandika jina unaona limejaa wapi. Za zamani zimetoka kwenye sensa kama ya 1881 na za karibuni kwenye orodha za wapiga kura. Patel ya 1881 ni karibu tupu, ya kisasa imewaka London na Leicester na Lancashire. Kwa jina adimu kama Vekaria hiyo ramani inakupeleka karibu mlangoni. Kwa Patel inakupa picha tu.

Baada ya hapo FreeBMD, ni bure, ina orodha ya vizazi, ndoa na vifo vya England na Wales. Siri yake ni hii, kuanzia katikati ya 1911 kwenye vizazi wanaandika na jina la ukoo wa mama kabla ya kuolewa. Tuseme unajua baba ni Kotecha na mkewe alitoka kwa Thakrar, unaandika yote mawili, miaka 1968 mpaka 1980, wilaya Leicester, unaletewa watoto wote wa wazazi wa namna hiyo, unaona wale wenye majina kama uliyoyasikia kwa bibi. Kwa Patel mama naye mara nyingi ni Patel, hapo inabidi uwe na majina ya kwanza ya watoto.

Vifo vinasaidia kuliko vizazi. London Gazette ni gazeti la serikali yao, liko bure, lina matangazo ya mirathi yenye majina yote ya marehemu yakiwemo ya utani, kazi yake na anwani, na lina orodha za waliopewa uraia wakati ule. Orodha ya mirathi ya serikali yao nayo unatafuta bure kuanzia 1858. Companies House inaonyesha wakurugenzi wa makampuni, na Wahindi wa maduka na famasi wengi wamo, na mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Kwa waliosafiri kwa meli mapema, orodha za abiria walioingia Uingereza mpaka 1960 ziko Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, nakala zipo kwenye tovuti za kulipia, waombe ndugu wa kule wakuangalizie maktaba ya mtaa kwao, nyingi zinafungua hizo tovuti bure.

Na jihadhari na majina yanayofanana na ya Kizungu. Rishi Sunak, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia Oktoba 2022, mama yake alizaliwa hapa kwetu Tanganyika, na jina la kwao mama ni Berry. Ni jina la Kipunjabi, lakini ukiliweka kwenye ramani ya Uingereza linawaka nchi nzima kwa sababu kuna Waingereza wenyewe wanaoitwa Berry tangu zamani. Gill hivyo hivyo, Mann hivyo hivyo. Kwa hayo usitumie ramani, tafuta kwa majina ya kwanza.

Upande wa India, ukishapata kijiji, kuna watu wanaoitwa Barot, kazi yao ya kurithi ni kutunza vitabu vya koo, na Haridwar kuna makuhani wenye madaftari ya familia za mahujaji ya vizazi na vizazi, sehemu yake imepigwa picha na FamilySearch. Kumbuka madaftari hayo yameandika zaidi wanaume. Mtoto wa nje, au binti, au mke Mwafrika, huenda hayumo, na kutokuwemo hakumaanishi siyo damu. Kwa wenzetu wa aina hiyo kipimo cha DNA ndicho kinachofungua njia, Wahindi wengi wa Uingereza na Canada wameshapima.

Ukishawapata

Usimpigie mtu simu ghafla, na usibandike jina na anwani ya mtu aliye hai kwenye kundi. Andika ujumbe mfupi kwa Kiingereza kilichonyooka au Kiswahili kabisa, maana wazee wao bado wanakisema na wanafurahi mno wakikisoma. Jitambulishe wewe ni nani na uko wapi. Taja duka, mtaa, na jina la kijiji cha India. Weka picha ya jengo lilivyo leo na picha ya zamani kama unayo. Kama wewe ni mtoto au mjukuu wa mtu wao, usianze na hilo, na usianze na hela wala mirathi, anza na jina la babu na kazi yake na mwaka aliofungua duka, uliza kama ndio wenyewe. Wakijibu ndiyo, basi mweleze mmoja tu kwanza, mkubwa wao ikiwezekana, dada au shangazi ni bora zaidi, wanaume wa familia wanaogopa haya mambo. Wape wiki kadhaa. Wakikaa kimya, jaribu kupitia jumuiya yao ya kule, kila jumuiya ina ofisi na katibu, Oshwal, Lohana, Ithnaasheri, wote wana orodha za wanachama na wanaweza kufikisha barua bila kukupa anwani. Kwenye hiyo barua namba ya simu yako iandike kwa kuanza na +255.